Ukuta wa pwani hunywa maji: kupamba chumba bila kualika koga

Kata kipande cha nailoni angavu, ile ngumu ya kufunikia madaftari, nusu mita kwa nusu mita. Futa vumbi kwenye ukuta unaokusumbua, kibandike hapo kwa tepu pana pande zote nne pasibaki mwanya, kisha kiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, juu ya nailoni, hewa ya chumba ndiyo iliyojaa unyevu. Yakitokea kwa ndani, kati ya nailoni na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakitokea pande zote mbili, una kazi mara mbili.

Jaribio hili lingepaswa kutangulia uchaguzi wa rangi, pazia na makochi katika nyumba yoyote ya Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Unguja. Halitangulii. Watu hununua kabati jipya, hupiga jipsamu dari nzima, hupaka rangi ya bei kubwa, na masika yakipita nyuma ya kabati kuna koga, watoto wanakohoa usiku, na fundi yule yule anaitwa tena. Chumba chenye afya huku kwetu kina mpangilio wake: maji yatolewe kwanza, hewa ipate njia, ukuta upakwe kitu kinachouacha ukauke, halafu samani. Ukiruka hatua ya kwanza, zilizobaki ni kutupa pesa kwa ustaarabu.

Maji yanatoka wapi

Maji yanayopanda kutoka ardhini huacha alama ya mlalo, mara nyingi chini ya mita moja kutoka sakafuni, na kwenye mpaka wa alama hiyo plasta hutoa unga mweupe. Wengi huuita ukungu, lakini ni chumvi. Kwangua kidogo utie kwenye tone la maji: chumvi huyeyuka, ukungu hauyeyuki, na ukungu una harufu. Chanzo huwa msingi usiowekwa nailoni ya DPC, ile inayozuia maji ya ardhini kupanda ukutani, au uliowekwa vizuri kisha ua ukainuliwa. Hili la pili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Nyumba inajengwa, miaka kumi baadaye mwenyewe anajaza kifusi uani na kutandika vitofali mpaka juu ya mstari wa DPC, na maji yanauruka kama mtu anayepanda ngazi. Dawa hapo iko nje: chimba kando ya ukuta upana wa sentimita 30, shusha ardhi mpaka iwe angalau sentimita 15 chini ya DPC, jaza kokoto ili maji ya mvua yasirukie ukutani.

Mchanga wa ufukweni ni balaa jingine. Chumvi yake huvuta unyevu wa hewani, kwa hiyo ukuta uliopigwa plasta ya mchanga huo hulowa hata kiangazi, bila mvua wala bomba kupasuka. Hakuna rangi ya kuuponya. Plasta inabanduliwa yote.

Doa la bomba au la paa halina adabu ya mlalo. Linaanza mahali pamoja na kutanuka, hasa baada ya mvua au baada ya mtu kuoga. Kabla ya kuvunja vigae, funga mabomba yote usiku, soma mita ya maji, isome tena alfajiri. Mita ikiwa imesogea, mwite fundi bomba, mwashi asubiri. Isiposogea, usiliachie bafu huru bado: maji yanayopenya sakafu ya bafu au bomba la maji machafu, mita haiyaoni. Ziba tundu la kutolea maji bafuni, jaza maji kina cha vidole viwili, weka alama, rudi baada ya muda wa saa sita: yakiwa yameshuka chini ya alama, sakafu inavuja.

Chanzo kinachodanganya kuliko vyote ni kiyoyozi. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida kabisa wakati wa masika, huanza kutona ikigusa kitu chenye nyuzi 25 au chini yake. Mtu akiweka kiyoyozi 18 usiku kucha, ukuta wa chumba chake unapoa, na upande wa pili wa ukuta huo, kwenye korido au ndani ya kabati la chumba jirani, unatoka jasho. Koga inaota kwenye chumba kisicho na kiyoyozi, na anayelaumiwa ni paa. Weka 26, washa feni juu yake. Feni ya dari hula wati 50 hadi 75, zile za mota ya kisasa karibu wati 30, na kiyoyozi cha BTU 12,000 hula karibu wati 1,000 au zaidi kikiwa kinapoza kwa nguvu zote. Upepo wa mita moja kwa sekunde juu ya ngozi hukufanya uhisi ubaridi wa nyuzi mbili au tatu zaidi, kwa hiyo 26 na feni si adhabu.

Kwa nini rangi ya plastiki hubanduka

Fundi rangi akiitwa kwenye ukuta wenye maji, kazi yake huwa hii: anakwangua, anapiga skimu ya jipsamu, anapaka mikono miwili ya rangi ya plastiki, analipwa, anaondoka. Ukuta unapendeza mpaka mvua zijazo. Rangi hiyo ni utando. Maji yaliyo ndani ya tofali yanataka kutoka jua likiwaka, yanakuta mlango umefungwa, yanainua utando huo mpaka unatoka malengelenge. Jipsamu iliyo chini yake haipendi maji kabisa: ikilowa muda mrefu inalainika kama chaki. Mbao za jipsamu za dari zina tatizo la ziada, maana zimevishwa karatasi, na karatasi iliyolowa ni chakula cha ukungu.

Kwenye nyumba za zamani kosa hili huwa kubwa zaidi. Kuta za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, zilizoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000 na 2001, ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita. Hazikuwekwa DPC. Zinakunywa maji na kuyatoa kupitia plasta ya chokaa. Ukizivisha saruji, maji yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, yanakutana na vichwa vya boriti vilivyochomekwa ukutani, na boriti za mikoko zinaoza kwa ndani huku chumba kikiwa kimepakwa rangi safi. Anayekarabati nyumba ya matumbawe asiruhusu mfuko wa saruji kuvuka kizingiti kwa kazi ya kuta. Sitapunguza ukali wa sentensi hiyo.

Nyumba ya tofali za saruji inasamehe zaidi. Pale plasta ilipooza, bandua mpaka nusu mita juu ya alama ya maji, piga brashi ya waya, usioshe kwa maji mengi kwa sababu utairudisha chumvi ndani. Uache ukuta ukauke. Mafundi wa majengo ya kale Ulaya huhesabu mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Huku joto linasaidia, lakini wiki moja haitoshi kwa tofali la inchi sita, hata fundi aape. Kisha piga plasta ya saruji moja, chokaa moja, mchanga wa mtoni sita, kwa ujazo. Kwa mita za mraba 10 zenye unene wa milimita 15 utahitaji karibu ndoo tisa hadi kumi za lita 20 za mchanga, karibu mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, na kilo 18 hadi 20 za chokaa. Ukuta wa matumbawe unapigwa chokaa moja kwa mchanga tatu, bila saruji, kwa tabaka zisizozidi sentimita moja kila moja.

Nusu ya kazi ni kumzuia fundi kuongeza saruji. Ataona mchanganyiko wa chokaa unachelewa kushika, ataona aibu, ataongeza kepe moja ukigeuka. Mweleze mapema kwamba chokaa hushika kwa kuvuta hewa, si kwa haraka. Inarejea kuwa jiwe kwa kunyonya hewa ukaa, na haiwezi kufanya hivyo ikiwa imekauka kabisa. Kwa hiyo plasta inyunyiziwe maji asubuhi na jioni kwa siku tano hadi saba, na madirisha yanayopigwa na upepo wa kaskazi yafunikwe magunia yaliyoloweshwa. Nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui maana yake imekaushwa upesi au mchanga ulikuwa mwembamba mno.

Chokaa ya kupaka, hatua kwa hatua

Hapa ndipo watu hukosea dukani. Kuna chokaa ya ujenzi, ambayo imechomwa tanurini kisha ikazimwa kwa maji, na kuna chokaa ya shambani, ambayo ni jiwe lililosagwa tu kupunguza tindikali ya udongo. Zote ni unga mweupe. Ya shambani haishiki ukutani hata uiombe. Chukua kijiko kimoja, kidondoshee siki: ikifoka povu jingi, hiyo ni ya shambani, au ni ya ujenzi iliyokaa wazi mpaka ikafa. Chokaa hai haifoki, au inafoka kidogo sana. Fanya jaribio hilo dukani kabla ya kulipa, muuzaji akushangae.

Usinunue mabonge ya chokaa isiyozimwa kwa kazi ya nyumbani. Ikikutana na maji inachemka, na ndoo ya plastiki inaweza kuyeyuka mikononi mwako. Hata iliyozimwa ni kali: ukali wake kwenye kipimo cha pH unakaribia 12.4, unaunguza jicho. Vaa miwani na glavu, jipake mafuta mikononi, weka ndoo ya maji safi karibu. Ikiingia jichoni, osha kwa maji yanayotiririka dakika 20, kisha nenda hospitali hata kama maumivu yamepoa.

Jaza maji nusu ya ndoo au pipa, mimina unga wa chokaa taratibu huku ukikoroga, usimwage maji juu ya unga maana vumbi litakurudia usoni. Koroga mpaka iwe kama uji mzito wa mtoto. Ongeza maji yafunike juu kwa vidole viwili, funika, acha angalau siku moja. Wiki ni bora, mwezi ni bora zaidi, maana chokaa inayolala majini inalainika na kushika vizuri. Siku ya kazi, koroga, chuja kwa kipande cha chandarua cha zamani, punguza kwa maji mpaka iwe kama maziwa. Kama inatiririka kama maji ya mchele ni nyepesi mno, kama inaacha mistari ya brashi ni nzito.

Ukuta uwe umekwanguliwa rangi yote ya plastiki na ya mafuta. Chokaa haishiki juu ya utando, itadondoka kama maganda. Hakuna njia ya mkato hapa, na mara nyingi kukwangua ndiyo gharama kubwa kuliko chokaa yenyewe. Lowesha ukuta kwa brashi mpaka uwe na unyevu bila kutiririsha. Paka kwa brashi pana ya nyuzi ngumu, mkono wa kwanza mlalo, wa pili wima, ukiacha siku moja katikati. Mikono minne au mitano myembamba. Rola inatia matone na haisukumi chokaa ndani ya vinyweleo vya plasta, iache.

Chokaa mbichi inaonekana kama maji machafu, ukuta unaonekana chini yake. Mwenye nyumba akipita hapo atasema fundi anaiba. Kesho yake ukuta ni mweupe. Anayekosa subira anaongeza unga, mkono unakuwa mnene, na matokeo yake ndiyo lalamiko maarufu kuhusu chokaa: inachafua nguo ukiegemea. Chokaa inayochafua nguo ilipakwa nzito, au ilikaushwa na jua kali kabla ya kushika, au ilikuwa imekufa. Iliyopakwa vizuri ikichubuka huacha vumbi kidogo tu kwenye kidole.

Chumba cha mita 3 kwa 3.5, chenye kimo cha mita 2.8, kina karibu mita za mraba 32 za kuta ukitoa mlango na dirisha. Kila mkono utakula lita tano hadi sita. Mfuko mmoja wa kilo 25 unatosha vyumba viwili au vitatu vya ukubwa huo.

Wazee wengi walitia chumvi ya mezani ili chokaa ikauke polepole na kushika. Bara ni sawa. Pwani usitie, kwa sababu chumvi hiyo hiyo itakuwa inavuta unyevu kila masika. Maziwa yaliyoondolewa mafuta huifanya isichafue nguo, lakini ukutani penye unyevu maziwa ni mlo wa koga. Yatumie sebuleni, si bafuni. Kwa rangi, tumia oksaidi za chuma, zile za unga zinazotiwa kwenye sakafu nyekundu, zisizidi asilimia 10 ya uzito wa chokaa. Zilowekwe usiku mzima kwenye maji ya moto kabla ya kuchanganywa, zisije zikaacha michirizi. Bluu ya kufulia, kidogo sana, huondoa umanjano. Jaribu kwenye kipande cha tofali na usubiri ikauke, maana rangi ya chokaa ikikauka hupauka sana kuliko ilivyokuwa ndooni. Changanya ya chumba kizima mara moja, kwa kuwa mchanganyiko wa pili hautafanana na wa kwanza.

Na mazingira? Chokaa si mtakatifu. Kuchoma jiwe la chokaa kunatoa hewa ukaa, na matanuri ya kienyeji ya pwani hula magogo ya minazi na miti mingine, mengine yakichoma matumbawe yaliyong'olewa baharini yakiwa hai. Nunua iliyotokana na machimbo ya nchi kavu, kama mawe ya chokaa ya Tanga, Koru ya Kenya au Tororo ya Uganda. Sehemu ya hewa ukaa iliyotoka kwenye jiwe hurudi ukutani chokaa inaposhika, ya kuni au mafuta ya tanuri hairudi. Faida kubwa zaidi ni ya hesabu ya kawaida: ukuta wa chokaa unaongezewa mkono mmoja juu ya mingine, bila kukwangua, bila makopo ya plastiki, kwa miaka mingi.

Upepo

Dirisha la aluminiamu la kuteleza lenye upana wa mita 1.5 na kimo cha 1.2 lina eneo la mita za mraba 1.8, lakini upepo hupata 0.9 tu kwa kuwa kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine. Ongeza wavu wa mbu wenye matundu madogo, na hata hiyo 0.9 haiingii yote. Dirisha la kufunguka kama mlango, au la vioo vya luva, hutoa karibu eneo lote. Kama madirisha yameshawekwa, usiyang'oe: fungua njia ya kutokea. Upepo hauingii chumba kisicho na pa kutokea, hata dirisha liwe kubwa kiasi gani. Tundu juu ya mlango wa chumba, upana wa mlango na kimo cha sentimita 30, likiwekewa mbao za mashrabia au wavu, hufanya kazi kuliko dirisha la pili upande ule ule. Kusi hutoka kusini na kusini-mashariki, kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo upande wa mashariki wa nyumba unafaidi misimu yote miwili. Usiujaze makabati.

Wavu wenyewe usuguliwe kwa brashi na maji ya sabuni kila mwezi. Vumbi la barabarani huziba matundu taratibu, na mtu anaanza kuhisi nyumba imekuwa ya joto bila kujua sababu. Pazia zito linaloburuza sakafuni litoke. Kitambaa chepesi cha pamba kinachoishia sentimita kumi chini ya dirisha kinatosha, na kinafulika.

Jikoni penye mtungi wa gesi, tundu la hewa liwe chini karibu na sakafu, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hulala chini. Tundu la juu peke yake linatoa mvuke wa chakula tu. Jiko la mkaa lisiingie chumba kilichofungwa, liwe la kupikia au la kukaushia ukuta baada ya plasta. Ndiyo, kuna mafundi wanaolitumia hivyo. Na chetezo cha udi kina heshima yake, lakini moshi ni moshi: fukiza dirisha likiwa wazi, na kama kuna mwenye pumu ndani, nguo zifukizwe barazani.

Kabati, kitanda na vumbi la rangi

Mbao za MDF na chipubodi hugandishwa kwa gundi zinazotoa mvuke wa fomaldehaidi. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa hewa ya ndani ni isizidi miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo katika dakika 30. Mvuke huo huongezeka joto na unyevu vikipanda, yaani hali yetu ya kila siku. Uliza mbao za daraja E1 au E0, yaani zinazotoa mvuke mdogo, na uone mhuri ubavuni mwa ubao, siyo kwenye risiti. Mahali mvuke unapotoka zaidi ni kwenye kingo zilizokatwa na matundu ya skrubu, kwa hiyo kingo zote zizibwe, hata zile za nyuma zisizoonekana. Fundi huziba za mbele tu. Kabati likifika, liache wazi milango na droo, chumba kikiwa na upepo, wiki mbili au tatu kabla ya kulijaza nguo, na usianze na chumba cha mtoto mchanga.

Kabati lisigusane na ukuta wa nje. Liache nafasi ya sentimita tano nyuma, liwe na miguu ya sentimita kumi, na ubao wa mgongo utobolewe matundu mawili juu na mawili chini, kila moja la upana wa sentimita tano, hewa ipande. Kabati la kujengea ukutani lina ukuta wenyewe kama mgongo, na ndilo linaloongoza kwa nguo zenye harufu. Kama halikwepeki, pakeni ukuta wa ndani yake chokaa na muweke milango ya fito badala ya ubao mzima.

Mbao ngumu zina hoja zake pia. Mninga ni mti wa porini unaochukua miongo kukua. Msaji wa mashamba ya Kilombero na Longuza, au msonobari wa Sao Hill, umepandwa ili uvunwe. Msonobari unavutia bungua na mchwa, hivyo ununuliwe uliotiwa dawa kwa shinikizo, na uliotiwa dawa usipasuliwe wala kupigwa msasa ndani ya nyumba.

Vumbi la rangi ya zamani ni hatari kubwa kuliko harufu ya rangi mpya. Rangi za mafuta za njano, nyekundu na kijani zilizopakwa miaka iliyopita kwenye milango, vyuma vya madirisha na vitanda vya watoto mara nyingi zilikuwa na madini mengi ya risasi. Kikomo kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa kwa rangi mpya ni sehemu 90 kwa milioni, na kwa damu ya mtoto Shirika la Afya Duniani halijataja kiwango chochote kilicho salama. Usipige msasa mkavu, usichome kwa moto. Lowesha, kwangua, kusanya maganda kwenye turubai, futa sakafu kwa kitambaa kilicholowa mara mbili. Ufagio utalipandisha vumbi hewani na kuliacha juu ya mkeka ambao mtoto anatambaa. Watoto na mama mjamzito wasiwepo siku hiyo.

Kuhusu sakafu sina mengi. Kapeti la ukuta kwa ukuta pwani ni kosa. Linashika unyevu na wadudu wa vumbi, na halianikiki. Mkeka wa ukindu unakung'utwa, unaanikwa, ukichakaa unaoza bila kuacha plastiki. Godoro lisilale sakafuni wala juu ya ubao mzima. Liwe juu ya chaga zilizoachana sentimita tano hadi saba, lisimamishwe mara moja kwa wiki upande wake wa chini upate hewa. Ukiona madoa meusi chini ya godoro kwa umbo la mwili, jasho lako halikupata njia ya kutoka.

Kazi ya mwaka ianze Februari, kabla ya masika. Safisha gata, angalia skrubu za mabati zilizolegea na mipira yake iliyokauka, vuta makabati mbele na ukague ukuta kwa tochi iliyolazwa ubavuni, mwanga wake ukipita sambamba na plasta. Uvimbe usioonekana mchana hujitokeza hapo kama kivuli. Pakavu palipochafuka paongezwe mkono mmoja wa chokaa. Ile iliyobaki usiimwage: iache ndani ya ndoo yenye mfuniko, juu yake maji ya vidole viwili, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito. Maji yakipungua ongeza. Mwakani itakuwa laini kuliko leo.